Mpaka Wenye Miguu

Nchi ya Jongea nimeifikia mara mbili katika maisha yangu. Kwa kuwa wenyeji wake hawakumbuki lolote lililopita Ijumaa ya juzi, naona ni wajibu wangu kuwakumbukia. Njia ya kwendea siielezi. Anayetaka kufika na akae tu alipo, mji wa Jongea utamkuta.

Mara ya kwanza nilikuwa kijana, na nilifika siku ile ile walipokuwa wakiapishwa Bikoni. Zamani mpaka wa mji wao uliwekewa mawe ya zege, kama kwetu, yale ambayo wapima ardhi huyaita bikoni. Lakini mawe ya Jongea yalikuwa na tabia mbaya. Jioni unaliacha jiwe upande huu wa kijito, asubuhi unalikuta upande wa pili, na nyuma yake msingi wa nyumba umeshachimbwa. Ikaundwa tume. Tume ilisafiri, ikasikiliza watu, ikala, ikarudi na ripoti yenye jalada gumu: jiwe halina maadili. Kosa lote lilikuwa hapo. Basi kila jiwe liondolewe, na mahali pake asimame mtu mwadilifu aliyekula kiapo, aitwe Bikoni, na popote atakaposimama pawe ndipo mpaka wa mji. Ripoti iliongeza kwamba huwezi kuhoji mahali aliposimama mtu mwadilifu bila kuuhoji uadilifu wenyewe.

Waziri wa Ukomo wa wakati ule alipanda juu ya ukingo wa Kisima cha Wafinyanzi, akasema mbele ya umati, na mimi nikisikia kwa masikio haya: "Hapa ndipo mwisho wa mji! Atakayepitisha tofali hapa amelipitisha juu ya kifua changu!" Watu wakapiga vigelegele. Bikoni wakasambaa kila mmoja mahali pake, wamevaa fulana nyekundu, wamenyooka kama wamepigiwa wimbo wa taifa.

Safari ya pili nimetoka huko juzi juzi. Nilikitafuta kile kisima. Nilianza kukitafuta asubuhi nikitokea ukingo wa mji, nikakipata alasiri, miguu imevimba. Kiko katikati kabisa ya mji, chini ya maegesho ya magari ya hoteli. Mlinzi aliniambia shimo halijazibwa vizuri, na magari mawili yameshatumbukia humo.

Msifikiri niliipita mitaa yenye watu. Nilipita kwenye kuta. Ukuta, geti, kufuli, kibao cha KIWANJA HIKI HAKIUZWI. Kisha ukuta mwingine. Ndani ya kuta nyasi zimenizidi urefu, na nyoka ambao kwa kadiri nilivyoweza kujua ndio wakazi peke yao. Hapa na pale ipo nyumba moja, upweke wake unaonekana kwa mbali, na mwenye nyumba amesimama barabarani anasubiri gari la maji. Barabara haijafika. Bomba halijafika. Mji umefika.

Sheria yao ni rahisi. Nje ya mpaka ni shamba, na shambani ni marufuku kujenga. Ndani ya mpaka ni mji, na mjini ni marufuku kuotesha kitu kinacholiwa. Kiwanja kikikaa kitupu mpaka mwenyewe afe, hilo si kosa; mchicha ndio kosa. Nilimkuta Afisa Afya anamwandikia faini babu mmoja kwa sababu ya mche wa mpapai ulioota mtaroni mbele ya baraza lake.

"Mimi nilitema mbegu tu, mwanangu," babu alisema.

"Ulitema kwa nia ya kulima."

"Nilitema kwa sababu nimebakiwa na jino moja!"

Mche uling'olewa, ukatiwa kwenye mfuko wa ushahidi.

Mnaweza kuuliza mpaka ulitoka vipi kisimani ukaja kufika kule ulikofika. Ulitembea. Bikoni ni mtu, na mtu ana tumbo. Tajiri akitaka shamba la fulani liwe mji, hamhongi Bikoni, maana kuhonga ni dhambi. Anamwalika harusini. Harusi inafanyika ng'ambo ya shamba. Bikoni anavuka, anakula, anapewa mkeka wa kupumzika, na aliposimama kunawa mikono ndipo mpaka. Ukiitazama ramani ya Jongea utaona pua kubwa imechomoza upande wa magharibi: hiyo ni ndoa ya binti wa diwani. Yale meno meno ya kaskazini ni msiba, kwa sababu waliomboleza kwa kupokezana.

Mji ulipofika Bonde la Tope, upande wa kusini, ukasimama. Hapo pana mtu.

Mtu mwenyewe ni Bi Siwema, mjane, mwenye shamba la magimbi na mchicha kutoka mdomo wa bonde hadi kwenye chemchemi. Yeye na majirani zake wachache ndio waliobaki wakilima mahali ambapo gari la sokoni linaweza kwenda na kurudi kabla mboga haijanyauka. Shamba lake likiingizwa mjini, kesho yake magimbi ni takataka kisheria, naye ni mhalifu. Na Bikoni aliyesimama ukingoni mwa bonde lile ni Mzee Kibwana, mdogo wa marehemu mumewe. Huyo Kibwana ni mmoja wa wale niliowaona wakiapishwa kisimani. Umbali wote ule niliotembea kutwa nzima ameutembea yeye, sahani baada ya sahani.

Nilipowafikia, Bi Siwema alikuwa anamwekea chakula miguuni pake, yeye mwenyewe akiwa upande wa shamba.

"Mgeni, karibu umwone shemeji yangu," alinambia. "Huyu ndiye aliyeila nchi. Watu huila kwa kalamu, yeye kaila kwa pilau."

"Shemeji, mbele ya mgeni?" Mzee Kibwana alisema.

"Mbele ya mgeni, ndiyo. Kule kwenye kituo cha mafuta palikuwa na shamba la mpunga la mama yako. Ulikwenda kula nini pale?"

"Maulidi."

"Maulidi! Na ulipovuka shamba la kina Mwinyihaji?"

"Ile ilikuwa jando." Akashusha sauti. "Lakini na wewe, shemeji, siku zile hakuna hata mmoja wenu aliyeniletea uji. Ningesimama na njaa mpaka lini?"

Bi Siwema akamwongezea mchuzi. Tangu mwaka ule mji ulipofika bondeni, kila mchana humlisha, tena hupika vizuri makusudi, na Bikoni hajainua mguu.

Jambo hilo lilikuwa linamkera Bwana Ngwali. Ngwali ndiye mwenye kuta zile nyingi nilizozipita, na hajajenga hata banda la kuku. Alikuja nami nipo, na chupa ya chai na mwavuli mpya, akasimama ng'ambo ya bonde, akaita kwa upole kama anayemwita baba yake mzazi.

"Mzee wangu! Jua kali hilo! Njoo huku kuna kivuli, kuna sambusa!"

"Sambusa za nini?" Kibwana aliuliza. Nilimwona amemeza mate.

"Za nyama!"

"Ya nani?" Bi Siwema akadakia. "Maana wewe Ngwali unakula watu!"

"Dada Siwema, mimi naleta maendeleo."

"Umeshayaleta kule nyuma, yamefungiwa na kufuli. Kayafungulie kwanza, kisha uje na sambusa."

Ngwali akarudi na chai yake. Lakini alirudi anatabasamu, na mtu wa namna ile akitabasamu baada ya kushindwa, nenda ukasome kinachojadiliwa bungeni.

Nilikwenda. Kwanza nilipita kwa Waziri wa Ukomo wa sasa, Mheshimiwa Tindwa. Wizara ya Ukomo yenyewe iko upande ule ule wa kusini, si mbali na bonde, kwa kuwa kila mji unapopanuka wizara huhamia ukingoni kutafuta nafasi ya kuegesha magari. Nilimkumbusha maneno ya mtangulizi wake, ya tofali na kifua.

"Nayajua," alisema, "ingawa sikuwapo."

"Na kilitokea nini?"

"Walilipitisha. Akazikwa kwa heshima zote." Akanisogezea karanga. "Ndugu mgeni, unaongea kama mtu mwenye kinyongo. Mji wetu hautambai. Mji unakaribisha. Hata hivyo kelele za wananchi tumezisikia. Wiki hii tunaibadilisha sheria, na mji hautaongezeka hata unyayo mmoja."

Bunge la Jongea lina wabunge wa watu na wabunge wa viwanja, maana waliona si haki kiwanja kilichokaa kimya miaka yote kikose msemaji. Aliyenguruma kuliko wote siku ile ni Mbunge wa Uzio wa Kati, jimbo lisilo na mkazi hata mmoja. Alichaguliwa bila kupingwa.

Muswada uliitwa Sheria ya Kuzuia Mji Kutambaa. Mjadala ulianza kwa kukubaliana tatizo ni nini. Tatizo ni miguu ya Bikoni. Mbunge mmoja akapendekeza miguu hiyo ipigiliwe zege hadi vifundoni. Waziri wa Fedha akasema zege lote nchini limekwisha kwenye kuta. Mwingine akapendekeza mji ubadilishwe jina uitwe shamba, halafu lile shamba liitwe mji, ili kila ukipanuka uwe unapungua. Huyo alipigiwa makofi marefu, ila ikaonekana vibao vya barabarani vitagharimu sana.

Hapo akainuka mama mmoja kutoka viti vya nyuma, mbunge wa watu. "Mheshimiwa Spika, naomba kuuliza. Kwa nini tusijenge kwanza kwenye viwanja vitupu vilivyomo ndani?"

Kicheko kikaanza kona moja kikazunguka ukumbi wote, mpaka wahudumu wa maji wakaweka chini trei zao.

Spika alisubiri kitulie. "Mheshimiwa," alisema kwa huruma, "kiwanja kitupu kina mwenyewe. Shamba lina mkulima tu. Kaa chini."

Ikapitishwa kwamba kuanzia sasa Bikoni asisimame. Atakaa kwenye kiti cha serikali, na akiinuka pasipo ruhusa, hatua zake hazihesabiwi. Nusu ya ukumbi ilishangilia, na mimi kidogo nishangilie. Ndipo Mbunge wa Uzio wa Kati akaleta nyongeza.

"Mheshimiwa Spika, mtu aliyeketishwa hawezi kutembelea mpaka wake. Tumemdhalilisha. Turudishe heshima yake kupitia macho! Mpaka uwe pale macho ya Bikoni yanapokoma kuona. Na wote wakalishwe wakitazama nje, Mheshimiwa Spika, kwa sababu mgongo si kiungo cha maendeleo."

Nyongeza ikapita kwa kauli ya ndiyo. Bwana Ngwali alikuwa kwenye jukwaa la wageni, viti viwili kutoka kwangu, anamenya chungwa.

Sijui kama mmenielewa. Jana yake mpaka ulikuwa na miguu, na miguu huchoka. Sasa uliota macho. Kaskazini Bikoni alikalishwa juu ya kichuguu, akaona hadi milima ya nchi jirani, na jioni balozi wa nchi jirani akaja kulalamika. Magharibi palikuwa na ukungu, sherehe ikaahirishwa hadi jua litoke. Magazeti yote yaliandika: KUTAMBAA KWA MJI KWAKOMESHWA.

Zamu ya Bonde la Tope ikafika. Waziri Tindwa alikuja na bendi, utepe, na Mwanasheria wa Wizara aliyebeba sheria mpya bado ina harufu ya wino. Mzee Kibwana akakalishwa kwenye kiti, uso umeelekea bondeni. Mbele yake palikuwa na shamba la shemeji yake, majani ya magimbi yamekaa kama masikio ya tembo, kisha chemchemi, kisha mashamba ya wenzake hadi vilima vya mbali. Angeweza kuyaona yote. Bi Siwema alisimama pembeni na sufuria yake, hasemi.

Waziri akashika kipaza sauti. "Mzee wetu Kibwana, mbele ya umma, tuambie. Unaona nini?"

Mzee Kibwana akafumba macho.

"Giza," alisema.

Bendi ikaacha kupiga, isipokuwa mtu wa tarumbeta ambaye alikuwa hajaangalia.

"Na mbele ya hilo giza?" Waziri aliuliza.

"Giza jingine, Mheshimiwa. Limekaza."

"Fumbua macho, mzee."

"Sheria haisemi nifumbue. Inasema mpaka ni pale ninapoona. Sioni."

Waziri akamgeukia Mwanasheria. "Kwa hiyo mpaka uko wapi?"

Mwanasheria akafunua kurasa, akatoa miwani, akaivaa tena. "Kwa maandishi tuliyopitisha, Mheshimiwa, mpaka uko kwenye kope zake."

"Nyuma yake je? Huko tulikotoka?"

"Huko nako hajakuona. Na kwa sheria hii, upande ambao Bikoni wake haoni kitu si mji."

Dereva wa tingatinga, aliyeletwa kulisafisha bonde, alikuwa mtu mtiifu kwa sheria. Aliuliza mara moja tu: "Basi huko nyuma ni shamba?" Akaambiwa ndiyo. Shambani ni marufuku kujenga. Akageuza mtambo. Kabla hajakimbiliwa alikuwa ameshaulaza ukuta mzima wa Ngwali, ameanza geti la Wizara ya Ukomo.

Mimi nimeishi miaka mingi nikiona ukuta unamwangukia mtu mdogo. Siku ile nilikaa juu ya jiwe nikatazama tu.

Zikafuata siku za kumshawishi mzee afumbue. Walileta kundi la taarabu. Walipika pilau ya mbuzi pembeni yake, upepo ukimpelekea. Walimleta mtu akapiga kelele "Nyoka!", na mwingine "Moto!", na mzee mmoja wa mtaani anayelipwa kutukana, fundi kweli kweli, akamtukana Kibwana kuanzia utosi hadi kucha. Kibwana alicheka machozi yakamtoka chini ya kope, lakini kope hazikuachana. Askari mmoja akanyoosha vidole amfumbue kwa nguvu, Mwanasheria akampigia ukelele: "Acha! Hizo kope ni alama ya mpaka! Anayesogeza alama ya mpaka anakwenda jela!" Askari akarudisha mkono mfukoni.

Na Bi Siwema amerudiwa na ulimi wake. "Fungua mdomo, shemeji. Mdomo, nimesema, si macho. Hivyo. Ulivyo na njaa ungezaliwa kuku."

"Chumvi haitoshi."

"Kipofu wa hiari hachagui. Meza."

Majirani walianza kuja na viti vyao. Kwa mara ya kwanza katika historia ya Jongea mpaka ulikuwa umerudi nyuma, na watu walitaka kukaa nao.

Ndipo Bwana Ngwali akawaza. Nataka wenye kusoma hapa wasome polepole, kwa sababu hila hii nitaikumbuka hadi kaburini.

Katika sheria yao ya tangu enzi za kisima kulikuwa na kifungu kizuri, kilichowekwa kumlinda mkulima: shamba haliwezi kuingizwa mjini kwa amri ya serikali, pasipo hatua ya Bikoni, ila Baraza la Wakulima wenyewe wakiomba. Ngwali alikuwa ameshaliomba baraza hilo zamani. Bi Siwema na wenzake walimfukuza kwa viti. Lakini sasa kusini yote ilikuwa shamba. Na mwenye shamba ni nani? Mkulima. Kwa kope za Mzee Kibwana, Bwana Ngwali alikuwa mkulima. Mbunge wa Uzio wa Kati mkulima. Waziri Tindwa, mwenye viwanja vyake viwili vitatu huko kusini, mkulima.

Wakaitisha mkutano. Walikuja na mabuti ya mpira yanayong'aa, wengine kushoto na kulia yamepishana. Ngwali alibeba jembe begani, bado limefungwa karatasi ya dukani. Walijaza viti vyote, Bi Siwema na majirani zake wakasimama mlangoni.

"Ngwali!" Bi Siwema aliita kutoka pale pale. "Wewe umelima nini?"

"Nyasi," Ngwali alisema. "Tena ndefu kuliko zote nchini."

Walimpigia makofi. Mimi niliomba nafasi nieleze kifungu kile kiliwekwa na nani, kwa ajili ya nani, maana nilikuwapo. Mwenyekiti akaniambia wageni hawana kumbukumbu katika mkutano huu.

Wakapiga kura kwa kunyoosha majembe. Ikapita: wakulima wa kusini, kwa hiari yao, wanaiomba serikali iwachukue mjini, pamoja na Bonde la Tope lote hadi vilimani. Jioni redio ikatangaza kwamba wakulima wenyewe wameomba, na kwamba Waziri ameguswa.

Bi Siwema alirudi ukingoni mwa bonde. Kibwana bado amekaa, macho yamefumba, anauliza kila anayepita habari za mkutano, na kila anayepita anajifanya hajasikia. Akamwambia yeye mwenyewe.

"Basi nifumbue?" Kibwana aliuliza.

"Usifumbue bado. Hapa hapafai kuonwa."

Kibwana alinyang'anywa kiti kesho yake. Bikoni mpya aliajiriwa, kijana mwenye macho makali, akapandishwa juu ya mnara na darubini, akitazama vilima vilivyo nyuma ya vilima. Na kwa kuwa ukingo mpya ulikuwa mrefu kupita kiasi, maafisa wote wa Jongea, wa ardhi, wa afya, wa usafi na askari wa jiji, walipakiwa kwenye malori kupelekwa huko kulinda. Wizara ya Ukomo ilifungasha nayo. Nilimwona Waziri Tindwa kwenye dirisha la gari, akanipungia.

Bi Siwema alipewa amri ya kuking'oa kila kinacholiwa kabla tingatinga halijashuka. Aliking'oa yeye mwenyewe na majirani. Magimbi makubwa yalikwenda sokoni. Machipukizi, yale madogo yanayopandwa tena, aliyafunga kwenye magunia yenye tope, akamkabidhi Kibwana moja abebe kichwani. Wakaondoka, yeye mbele, shemeji yake nyuma ameshika ncha ya kanga yake, macho yamefumba. Nilijua wanakwenda nje, vilimani, kuanza mbali zaidi, kama walivyofanya waliowatangulia wote tangu kisimani. Nikawafuata niwaage.

Hawakwenda nje. Walishika njia ya kurudi ndani.

"Bi Siwema," nilisema, "mnakwenda wapi? Huko ni mjini. Watakufunga."

"Nani?" aliuliza bila kusimama. "Nitajie mmoja aliyebaki. Wako wote kule ukingoni, na sheria imewaagiza watazame mbele."

Tulitembea katikati ya kuta. Hapakuwa na afisa, hapakuwa na askari, kulikuwa na yule babu wa mpapai tu barazani kwake, naye alipoona magunia aliinuka akatufuata. Tulipofika kwenye ukuta wa Ngwali, pale tingatinga lilipoulaza, Bi Siwema aliruka tofali zilizolala, akamvusha shemeji yake kwa mkono. Ndani nyasi zilikuwa zimesimama hadi mabegani. Chini ya nyasi ardhi ilikuwa nyeusi na laini, haijaguswa tangu ilipoitwa mji. Kwenye tope lililoletwa na mtaro uliopasuka alikanyaga, mguu ukazama, akacheka peke yake.

Akamtua Kibwana gunia.

"Fumbua sasa, shemeji. Hapa macho yako hayana kazi ya serikali."

Mzee Kibwana akafumbua. Alipepesa sana, mwanga ulimuumiza. Akatazama nyasi, akatazama ukuta wa pili, na geti lenye kufuli, na ukuta mwingine nyuma ya huo, na mwingine.

"Yote haya?" aliuliza.

"Yote hayo."

"Peke yetu tutamaliza lini?"

"Watakuja wengine," Bi Siwema alisema, na kweli nyuma yetu nilisikia watu wakiruka tofali. "Wewe shika jembe."